Niliajiriwa Niibe Mafaili

SEHEMU YA NNE

Kwa uliyekosa gazeti la wiki iliyopita nitakupitisha haraka.

Naitwa Kasian. Ni fundi wa kufuli na vitasa, mzaliwa wa Iringa, na mwaka ule wa 1974 nilikuwa naishi Ilomba, Mbeya, na mke wangu Paskalina. Mtoto wetu Lea alikuwa kwa bibi yake Kalenga, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Mwaka ule wezi waliingia ofisi moja Iringa, wakabeba mafaili ya watu, kisha wakawaandikia wenyewe: leta cha kukombolea, la sivyo faili lako linachomwa. Waliotoa walirudishiwa. Waliokataa waliletewa majivu ndani ya bahasha.

Habari ikafika Mbeya. Mkuu wa masjala wa ofisi moja ambayo sitaitaja, Bwana Anania, akanunua makabati matatu ya chuma, kisha akaniita.

"Fundi, sitaki uniambie kama ni imara. Nataka uyaibie. Ukishindwa, mimi nitalala usingizi."

Alisema ndani ataweka mafaili ya uongo yaliyojazwa magazeti makuukuu. Akanipa barua ya Kiingereza yenye mhuri, ili nikikamatwa niionyeshe. Mimi Kiingereza sikijui. Alinisomea mwenyewe.

Kabati la kwanza nililifungua kwa spoku ya baiskeli. La pili nililing'oa skrubu za mgongoni. Nikamweleza udhaifu wa yote mawili, akaandika kila neno. La tatu, lenye kitasa cha funguo mbili, nililifungua Jumamosi saa tisa alasiri, dakika kumi na moja kwa saa yangu ya mkono. Nikatia mafaili kwenye gunia, nikarudishia mlango wa kabati, nikaondoka kwa furaha ya fundi.

Bwana Anania mwenyewe alikuwa amesafiri Ijumaa kwenda semina Iringa. Aliniagiza nimpelekee gunia huko Jumatatu, awaonyeshe wenzake walioibiwa jinsi kabati linavyosalimu amri.

Jumapili asubuhi, kabla ya misa, nikalifungua gunia jikoni.

Hayakuwa magazeti.

Hapo ndipo niliishia wiki iliyopita. Sasa endelea nami.

*

Paskalina alichukua faili la juu, akalifungua, akasoma kwa sauti.

"Bujiku Malimi. Ametoka Maswa. Ng'ombe sitini na wanne. Kibali cha kukaa na kuchunga, bonde la Usangu." Akanitazama. "Baba Lea, hiki ni kibali cha mtu."

Nilivuta lingine. Limbu. Lingine, Kashindye. Lingine, Seni. Wote Wasukuma, wafugaji waliohamia Usangu na familia zao na mifugo yao. Nikahesabu hadi mwisho. Arobaini na moja.

Ndugu msomaji, ule ulikuwa mwaka wa watu kuhamishwa vijijini. Mfugaji mgeni akiulizwa, "Nani alikupa ruhusa ya kukaa hapa?", jibu lake lilikuwa moja tu: faili langu liko Mbeya. Faili lisipokuwepo, anafungasha watoto na ng'ombe, na hajui anaelekea wapi.

"Bwana Anania amekosea kabati," nilisema.

"Amekosea?" aliuliza Paskalina. "Mtu wa masjala akosee mafaili arobaini na moja?"

Nililifunga faili nililoshika.

"Yarudishe," alisema. "Sasa hivi. Kabla jua halijapanda."

Nikaona ni neno la busara. Lakini siwezi kupita mjini na gunia bila kujua njia ikoje. Nikamwambia aliangalie gunia, mimi niende kwanza nikatazame kama mlinzi yuko peke yake.

Hakuwa peke yake.

*

Nje ya ofisi walikuwa watu kama thelathini, wengine na vitabu vya nyimbo mkononi, wametoka ibadani. Askari polisi wawili walikuwa mlangoni. Mlinzi, mzee Asukile, alikuwa ameshika kofia yake kifuani kama mtu wa msibani.

"Nililinda mimi!" alikuwa akilia. "Usiku wote nililinda! Sikuona mtu!"

Nikasogea nyuma ya watu, nikamuuliza mama mmoja kuna nini.

"Wameiba mafaili ya Wasukuma," alinijibu. "Yule mzee pale ndiye kaja na barua."

Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, amejifunga shuka juu ya koti, fimbo mkononi. Pembeni yake alisimama binti wa miaka kama ishirini na minne, amevaa gauni la kiualimu. Binti ndiye aliyekuwa akimsomea askari barua ile.

"'Mafaili yenu tunayo sisi. Kila mwenye faili alete dume mmoja wa ng'ombe mnadani Mbalizi siku ya Jumatano. Asiyeleta, atapokea majivu.'"

Watu wakaguna.

"Barua hii mliipata lini?" aliuliza askari.

"Jana asubuhi," alisema mzee. "Waliitia chini ya mlango wangu kule Usangu. Nikadandia lori nije niulize ofisini. Leo ndiyo huyu mlinzi kaingia kuangalia, kakuta kabati tupu."

Nilihesabu saa upya.

Jana asubuhi. Mimi kabati nililifungua jana alasiri. Barua ya wizi ilimfikia mwenye mali kabla mwizi hajanyoosha mkono, na mwizi ni mimi.

Mtu alikuwa amejua. Alijua siku na kabati, na alijua kwamba nitalifungua.

Mkono wangu ulikwenda mfukoni kwenye ile barua ya ruhusa. Nikataka niinue juu nipige kelele, jamani, nilitumwa! Mkono ukarudi mtupu. Hofu tu, sina maelezo mengine.

Mzee Asukile akanyanyua macho, akaniona.

"Fundi," alisema taratibu. "Na wewe uko hapa? Usiende mbali. Wewe si ndiye unashindaga humu na waya zako?"

Askari akageuza shingo. Lakini wakati huohuo mzee Msukuma alianza kumweleza jina lake, Bujiku Malimi, na wapi atapatikana: Mwanjelwa, kwa binti yake mwalimu Regina, nyuma ya soko. Askari akainama kuandika.

Nikatembea. Sikukimbia, nilitembea, na mgongo wangu wote ulikuwa masikio.

*

Harufu niliikuta kabla ya kufika mlangoni. Karatasi inaungua.

Niliingia jikoni nikamkuta Paskalina amepiga magoti mbele ya mafiga, machozi yanamtoka, faili moja liko motoni.

"Mama Lea! Unafanya nini?"

"Wamepita askari na gari barabarani!" alisema. "Wanauliza nyumba ya fundi wa kufuli! Wakiyakuta humu ndani wewe huonekani tena!"

Nilitia mkono motoni. Nililivuta faili, nikalipigapiga chini kwa kiganja. Kovu lake ninalo mpaka leo, chini ya kidole cha shahada. Faili lilikuwa limeliwa nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa nyeusi, inavunjika ukiishika.

"Ni hili tu?" niliuliza.

"Ni hili tu. Ndilo lilikuwa juu."

Niligeuza kilichobaki cha jalada. Herufi za mwisho zilisomeka: *limi*. Bujiku Malimi. Mzee mwenye fimbo.

Paskalina aliziba uso kwa kanga. Tukakaa chini sakafuni, watu wazima wawili. Mlango wa jirani ulipogongwa tuliruka wote.

"Twende kwa yule mzee," nilisema hatimaye.

"Atakuua."

"Bora aniue anayenidai, kuliko nife kwa ajili ya mtu anayenicheka Iringa."

*

Tulifika Mwanjelwa gunia likiwa kichwani kwa Paskalina, juu yake tumefunika majani ya maboga kama watu wanaotoka shamba. Nyumba ya mwalimu Regina haikuwa ngumu kuipata. Ndani walikuwemo Mzee Bujiku, Regina, na wanaume wawili wa ukoo wao.

Nilipiga magoti kabla ya kukaribishwa kiti.

"Mzee, shikamoo. Mafaili yenu ni haya. Niliyeyatoa ni mimi."

Mmoja wa wale wanaume aliinuka na fimbo. Nilifumba macho. Nilisikia hewa ikikatwa, na Regina akapiga ukelele.

"Baba, mzuie! Mtu mwizi haleti mwenyewe!"

"Kaa chini," alisema Mzee Bujiku. Mwanamume yule akakaa, lakini fimbo hakuiweka. "Sema wewe. Sema yote."

Nilisema yote. Makabati matatu, magazeti makuukuu, agizo la Iringa. Nikatoa barua.

"Hii hapa ruhusa yenyewe. Nilitumwa kujaribu. Ina mhuri."

Regina akaipokea. Akasoma mara moja. Akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Fundi, barua hii alikusomea nani?"

"Bwana Anania mwenyewe."

"Alisema imeandikwaje?"

"Kwamba mwenye barua hii ni fundi, amepewa kibali kujaribu makabati ya ofisi."

Regina aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Haisemi hivyo. Inasema: 'Mtu huyu aitwaye Kasian amekutwa mara mbili akichokoa makabati ya ofisi hii. Ameonywa kwa maandishi, na hii ndiyo nakala yake ya onyo. Akikutwa tena, akabidhiwe polisi.'"

Nadhani nilicheka. Paskalina ananiambia nilicheka. Nilikuwa nimetembea mitaa ya Mbeya wiki tatu nzima na kitanzi changu mfukoni, nakipapasa kila nikiogopa, kikinipa moyo.

Na kumbe saa ile mbele ya askari, hofu isingenirudisha mkono, ningejikabidhi mwenyewe.

"Faili langu liko wapi?" aliuliza Mzee Bujiku. Alikuwa akiyapanga mafaili chini, moja moja, akitafuta. "Hapa yako arobaini."

Kisha Paskalina akafungua kanga yake, akatoa kile kipande cheusi, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili.

Mzee alikiinua. Ukurasa wa mwisho, pale ambapo asiyejua kuandika hutia kidole gumba, alama yake ilikuwa imebaki nusu.

"Kidole changu kimeungua," alisema. Alisema kwa sauti ndogo sana, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha kuliko fimbo.

"Nimelichoma mimi, baba," alisema Paskalina. "Siyo yeye. Mimi ndiye niliyeogopa."

Mzee akakiweka kile kipande juu ya yale mafaili mengine. Nje watu walikuwa wakipita na mizigo yao ya sokoni, wanacheka. Halafu akasema:

"Nikienda polisi sasa, watamfunga huyu fundi, na yule wa Iringa atakunywa chai. Na barua ya Mbalizi ataendelea nayo mwenyewe aliyeandika. Mayu," alimwambia bintiye, yaani mama kwa Kisukuma, ndivyo alivyomwita, "wewe unaionaje?"

"Huyo Anania anamsubiri fundi kesho na gunia," alisema Regina. "Aende. Na mimi niende naye, nisikie kwa masikio yangu."

"Na akitoroka njiani?"

"Mimi nitabaki hapa," alisema Paskalina. Tuligeuka wote. "Mkitaka, nifungieni. Asiporudi kesho kutwa, nipelekeni mimi polisi. Moto niliuwasha mimi."

"Paskalina..."

"Nenda, Baba Lea."

Hakunitazama. Alikwisha kaa chini karibu na yale mafaili arobaini, akaanza kuyafuta masizi kwa upindo wa kanga.

*

Basi liliondoka Mbeya saa kumi na mbili asubuhi, na baridi ya Julai ilikuwa inaingia hadi kwenye meno. Gunia lilikuwa miguuni pangu. Sasa ndani yake mlikuwa na magazeti makuukuu kweli.

Kila basi liliposimama nilitazama mlango. Makambako alipanda askari, nikalisukuma gunia chini ya kiti. Kumbe anakwenda likizo, ana kuku mkononi. Alikaa kiti cha mbele yangu mpaka Mafinga, na kuku yule alinitazama njia nzima.

Regina hakuzungumza sana. Mara moja tu aliniuliza:

"Dakika kumi na moja, fundi. Kabati lile ni bovu kiasi hicho?"

Nikalifikiria swali lake, maana tangu Jumamosi sikuwa nimelifikiria kama fundi.

"Hapana," nilisema. "Ni kabati zuri. Mwizi wa kawaida angemaliza mchana mzima. Lakini mimi nilipewa wiki tatu za kulizoea. Niliruhusiwa kupima kitasa kwa vidole mbele ya mwenyewe, na mlinzi alikwisha kuniona mpaka akaacha kuniona."

"Basi mlichojaribu siyo kabati," alisema Regina, akageukia dirishani.

Saa nane mchana tulishuka Ipogoro, tukapanda mlima kuingia mjini. Nyumba ya wageni ilikuwa karibu na soko. Mama mwenye nyumba alitusalimia, "Kamwene!" Lugha ya nyumbani, na mimi nikamuuliza Bwana Anania bila hata kuitika.

"Bwana Anania yuko chumba cha mwisho," alisema. "Hajatoka tangu jana. Sijui semina gani hiyo ya kitandani."

*

Alifungua mlango kabla sijamaliza hodi. Nilitarajia kumkuta mtu ameshiba, anatabasamu. Nilimkuta mtu hajanyoa, macho mekundu, shati alilolalia.

"Umechelewa! Lete. Huyu nani?"

"Dada yangu," nilisema. "Amenisindikiza."

Hakumjali. Alipiga magoti, akafungua gunia kwa meno. Akatoa gazeti. Akatoa lingine. Akamwaga yote chini.

"Yako wapi?"

"Yapi, Bwana Anania? Si ulisema ni magazeti?"

"Kasian, usinichezee!" Alinishika kola. "Anakuja saa kumi! Nipe hata moja! Nipe la Bujiku Malimi tu, mengine baadaye!"

"La Bujiku limeungua," nilisema.

Aliniachia. Akakaa kitandani kama gunia lililokatwa kamba.

Regina alirudishia mlango, akatoa barua mbili, akaziweka mapajani pa Bwana Anania. Ya ng'ombe, na ya onyo langu.

"Mimi ni Regina Bujiku," alisema. "Barua hii ilimfikia baba yangu Jumamosi asubuhi. Fundi alifungua kabati Jumamosi alasiri. Nani mwingine alijua, Bwana Anania?"

Nilidhani atakana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana. Lakini yule bwana alianza kulia, kilio cha mtu mzima, kibaya kukisikia.

"Siitwi Anania," alisema.

Tukatazamana na Regina.

"Anania alikuwa kaka yangu. Alifaulu darasa la kumi na mbili, akafa kwa homa kabla hajaanza kazi. Mimi niliishia la nane. Mama akaniambia, chukua cheti cha kaka yako, jina lisilale bure. Miaka tisa nimefanya kazi kwa jina lake. Mimi naitwa Saulo."

"Hilo linahusianaje na baba yangu?" aliuliza Regina.

"Faili langu la kazi lilikuwa bado hapa Iringa, katika yale yaliyoibiwa. Walilisoma. Wakagundua. Kwa wengine walitaka ng'ombe na madebe ya asali. Kwangu hawakutaka kitu cha mkononi. Walisema, wewe unalinda masjala ya Mbeya. Tufungulie nasi tutakufungulia."

Kwa hiyo makabati yalikuwa ya kweli, ila jaribio lilikuwa kifuniko cha wizi. Alinunua chuma kwa macho ya wakubwa, akatafuta fundi wa kukivunja, na onyo la kumtupia fundi makosa. Nilitaka kumpiga. Mkono wenye jeraha ukauma, nikaushusha.

"Na kwa nini faili la baba peke yake?" aliuliza Regina.

"La kuonyesha. Bujiku ndiye msemaji wao. Jumatano wakimwonyesha faili lake Mbalizi, wote watajua si utani, watatoa madume. Anayekuja leo analichukua hilo tu, na ananirudishia langu." Akaitazama saa ya mezani. "Saa tisa kasoro robo. Asipolikuta, langu linakwenda kwa wakubwa, na ninyi... Mimi sijui atawafanya nini ninyi."

"Kituo cha polisi kiko pale juu," nilisema. "Twende."

"Nenda. Ukirudi utakuta chumba kitupu na mimi nimekufa. Wana mtu pale kituoni, au wanasema wanaye. Miezi sita sijui kipi kweli kipi uongo."

Regina alisimama katikati ya magazeti, anafikiri. Nilimwona akifikiri, kama mwalimu anayepiga hesabu ubaoni.

"Akiondoka na faili," alisema polepole, "Jumatano atasimama nalo Mbalizi, mbele ya watu mia, mali ya serikali mkononi. Hapo atakamatwa na polisi wa Mbeya, siyo wa hapa."

"Faili lenyewe hatuna," nilisema.

"Una majalada matupu, Bwana Saulo?"

Alionyesha mkoba wake wa ofisi. Majalada matupu, karatasi, mhuri, kalamu ya wino. Mtu wa masjala hatembei bila hivyo.

"Ombi la baba niliandika mimi," alisema Regina. "Nilikuwa darasa la saba. Kila neno nalikumbuka, hata makosa. Nitaandika. Lakini kwanza wewe." Akampa Saulo karatasi. "Andika kwa Kiswahili kwamba fundi ulimtuma wewe, na onyo lile ni la uongo. Weka jina lako la kuzaliwa."

Aliandika. Nilisimama nyuma yake nikisoma kila herufi, sikuachia nafasi ya kudanganywa mara ya pili. *Mimi Saulo.* Alipolimaliza jina hilo alilitazama muda, kama mtu aliyekutana na ndugu njiani. Regina akaikunja karatasi, akaificha kifuani.

Kisha akakaa mezani, akaanza.

Maswa. Wake wawili. Watoto saba. Ng'ombe sitini na wanne. Mwandiko wake ulirudi nyuma miaka kumi, ukawa wa mtoto, herufi nene zinazopanda mstari. Saulo aligonga mihuri na kuandika tarehe za zamani. Mimi nilichukua jalada, nikalisugua kwenye vumbi la uvunguni, nikalikunja pembe, nikapaka mgongo wake majani ya chai yaliyobaki kikombeni. Nilifanya kwa bidii. Mungu anisamehe, kwa dakika kadhaa nilisahau hofu, nikawa fundi tu.

"Kidole gumba," alisema Regina.

Saulo alinipakaza wino. Nikabonyeza kidole changu mahali pa kidole cha Mzee Bujiku.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Tulikuwa na dakika arobaini za kupeperusha karatasi zikauke.

Mlango ukabishwa.

"Tumsifu Yesu Kristo," ilisema sauti ya nje. Sauti ya upole, kama ya katekista.

Saulo akageuka rangi. Midomo yake ilisema bila sauti: ndiye.

Regina alifunga jalada. Nilisukuma kidole changu chenye wino mfukoni. Saulo akafungua.

Aliingia mtu mfupi, mnene kidogo, koti safi la kijivu, kofia mkononi. Alitusalimia mmoja mmoja. Alimwuliza Regina kama baridi haimsumbui. Kisha akafunga mlango, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni mwake.

"Nimewahi," alisema. "Samahanini. Hawa ni nani?"

"Dada yangu na shemeji," alisema Saulo.

"Karibuni sana." Akanyoosha mkono. Saulo akampa jalada.

Alikaa kitini, akavaa miwani, akalifungua. Alisoma ukurasa wa kwanza wote, bila haraka. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasoma wa pili. Nilihesabu pumzi za Regina, maana zangu zilikuwa zimekoma.

Akafika wa mwisho. Akapitisha kidole chake juu ya alama ya kidole changu, taratibu, kama anayempapasa mtoto shavu. Akakiinua kidole chake, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha.

Akavua miwani.

"Faili la miaka kumi," alisema kwa upole uleule. "Wino wake mbona bado mbichi?"